Dominik Mysterio bado ni adui au kashageuka steringi kimya kimya? Wana mieleka njooni

MtotoWaMwanjelwa

Wakuu kwema? Uzi huu ni wa wapenzi wa mieleka, nyie wa "ile si wanaigiza tu" tunajua, na nyie mnaangalia tamthilia za Kituruki mnalia mpaka kamasi, kwa hiyo tuheshimiane.

Swali langu ni hili, kuhusu Dom wa WWE, ile kampuni ya mieleka ya Marekani, mtoto wa Rey Mysterio. Dominik Mysterio bado ni adui? Maana mi nshachanganyikiwa. Kwenye kibanda umiza chetu hapa Mwanjelwa jamaa huwa anatuwekea mieleka kwa flashi kabla mechi za jioni hazijaanza, kiingilio mia tano, juzi katurudishia Survivor Series, lile onyesho la WWE la San Diego la Novemba 2025, ile ambayo Dom anauchukua tena mkanda wa Intercontinental kwa John Cena baada ya Liv Morgan, mwanamke wa upande wake, kutokea na kumchezea Cena rafu. Nikategemea kibanda kizima kizomee kama zamani. Wapi! Vijana wa bodaboda pale mbele wanapiga benchi wanaimba Dom Dom. Yaani mtu alompiga baba ake mzazi, akamnyamazisha mama ake mbele za watu, leo anashangiliwa na watu wazima wenye akili zao.

Ila kuna mzee mmoja fundi viatu hapo jirani, huwa anaingia bure kwa sababu zake na mwenye kibanda, yeye hajabadilika. Dom akitokea tu anasema "mtoto hana radhi huyo" afu anatoka nje anasimama mlangoni, kamgeuzia tv mgongo. Akisikia kelele kwamba Dom anapigwa anageuka faster anarudi kukaa. Akiona Dom kashinda anaondoka bila kuaga mtu.

Sasa nani yuko sahihi, mzee au bodaboda? Kazi ya adui si achukiwe? Akishaanza kupendwa si ina maana gimiki, yaani ule uhusika wake, imegoma?

KihesaOriginal

Kamwene mkuu, uzi mzuri huu, ngoja niweke kiti.

Tuanze alikotoka maana hao bodaboda wengi wameanza kumuona akiwa tayari na kile kimasharubu. Dom kaanza kupigana SummerSlam ya 2020 na Seth Rollins, mtoto mzuri, anamtetea mzee wake, 2021 mwezi wa tano wakabeba mikanda ya SmackDown ya wawili wawili, baba na mwana wa kwanza kufanya hivyo WWE. Historia kabisa. Na bado hakuna alokuwa na habari nae! Mi zamu yake ikifika ndo nlikuwa naenda kuongeza ulanzi. Alikuwa na 619 ya baba, lile teke la kuzunguka kwenye kamba, nguo za kufanana na baba, tabasamu la kuazima, yaani ungemtoa pale usingegundua kama katoka.

Afu Septemba 2022, Cardiff. Rey na mwenzake Edge wameshinda wanashangilia, dogo anamtandika Edge pale pabaya, baba anageuka kuuliza kulikoni anakula mkono wa shingo anakwenda chini. Hapo ndo Dom alizaliwa, hayo mengine yote kabla yake futa.

Na kilichonifanya nimkubali ni kitu kidogo sana, kaangalie anavoshika maiki. Anaipandisha mpaka mdomoni, watu wanaanza kuzomea, anaishusha. Anasubiri. Anapandisha tena, kelele zinapanda na yeye, anashusha, anamwangalia Rhea Ripley, yule mwanamieleka wa kike aliyekuwa anamlinda, kama mtoto anayetaka kwenda kushtaki. Kuna siku muda wake wote wa kuongea unaisha hajatoa sentensi ya maana, kapandisha mkono na kushusha tu, na ukumbi mzima umesimama unamzomea. Waigizaji wangapi wanaweza hiyo? Wengi wakizomewa wanapaniki wanaanza kupiga kelele zaidi ya watu. Yeye anawaacha watu wafanye kazi yake.

Halafu Aprili 2023 WrestleMania, lile onyesho lao kubwa la mwaka, kule California. Hapo kwanza ujue Rey miezi yote alikuwa anasema sipigani na mwanangu, dogo anamchokoza anameza. Wiki moja kabla, Dom akamwambia mama ake anyamaze, pale pale Rey akamchapa ngumi, ukumbi ukalipuka. Siku ya pambano Dom kaletwa na gari la wafungwa, kavaa maski, akamwagia mdogo wake wa kike kinywaji, na Rey akavua mkanda wa suruali akamcharaza nao. Mkanda wa suruali wakuu! Hiyo haikuhitaji dj wa kututafsiria. Hapa mtaani Kihesa wamama waliokuwa wanapita na ndoo zao walisimama.

Kwa hiyo jibu langu, gimiki inafanya kazi, na mzee wako fundi viatu ndo ushahidi.

Tunduma_Boda2Boda

Mi nawapinga wote. Gimiki ilikufa zamani, sa hivi jamaa ni mchekeshaji. Adui unatakiwa umuogope bana. Roman Reigns kakaa na mkanda siku 1,316, Agosti 2020 mpaka Aprili 2024, kila ikipigwa ile nyimbo yake unajua leo kuna mtu analia, anatembea taratibu, msemaji wake Paul Heyman nyuma anabeba mkanda, hata mimi niliyeko huku Tunduma nakaa vizuri kwenye kiti. Dom nani anamuogopa? Anakimbia, anajificha nyuma ya wanawake, akiguswa analia. Huyo ni wa kuchekea wakati unasubiri pambano kubwa.

DadaWaTukuyu

Kaka wa Tunduma umeingia mlango sio. Nani kakwambia adui lazima aogopwe? Kuna adui wa kuogopwa na kuna adui wa kuudhi, na wa kuudhi ndo kazi ngumu zaidi maana mwili haukusaidii. Reigns angesimama tu bila kuongea ungemuogopa. Dom kamzidi baba ake kimo, Rey mfupi yule, na bado anavyopigana unaona kabisa kuwa yeye ndo mdogo. Hiyo ni kazi ya mtu aliyekaa akafikiria.

Na hicho unachokiita kujificha nyuma ya wanawake ndo gimiki yenyewe! Dom hajawahi kusimama peke yake. Fuatilia. Alikuwa nyuma ya baba. Akatoka hapo akaenda nyuma ya Rhea akamwita Mami. Agosti 2024 Cleveland akamsaliti Rhea akahamia kwa Liv Morgan, na busu juu, bila aibu. Aprili 2025 Las Vegas wakapigana wanne kugombea mkanda wa Intercontinental, yeye, Bron Breakker, Penta na Finn Bálor, na Finn wakati huo alikuwa mwenzake wa kundi la Judgment Day, kula nao kulala nao, Dom akamrukia huyo huyo Finn ile ya chura akamlalia akachukua mkanda. Baba, mwanamke, mwenzake. Amewapiga wote waliompa hifadhi, kwa zamu. Ni kitindamimba aliyedekezwa akadhani dunia nzima ina wajibu wa kumbembeleza, na kila akihamia kwa mtu mwingine anajiona yeye ndo kaonewa kule alikotoka. Ndo maana anaudhi. Yeye hajioni mbaya.

Afu hilo la mama ndo mmelipita haraka sana. Nlikuwa nimewawekea nyumbani, mama yangu hata Kiingereza hajui, anamenya viazi hana habari na tv. Dom alivyomnyooshea mama ake kidole, mama kaweka kisu chini. Akauliza "na huyo baba mikono anayo ya nini?" Dakika haikupita Rey akarusha ngumi. Mama akachukua kisu akaendelea na viazi vyake, kaishia hapo, hajawahi kuniuliza nani kashinda WrestleMania.

Kabwe_Finest

Mmesahau ya jela jamani 😂😂 Krismasi ya 2022 kakamatwa na polisi baada ya kwenda kufanya fujo kwenye sikukuu ya familia, kalala selo kidogo tu, akarudi kafunga kitambaa kichwani anaongea kama kafungwa miaka kumi gereza la Ruanda hapa. Mi nasema aje Sokoine asajiliwe Tanzania Prisons, ila akifika aambiwe kuwa wale ni askari magereza wenyewe sio wafungwa tuone atakimbilia kwa Mami gani.

MkongweWaSae

Nimesoma wote. Nianze na mleta uzi. Umesema kazi ya adui ni kuchukiwa. Nusu kweli. Kazi yake ni kukufanya utake kuona anapigwa, na hapo ndo kuna kuzomea kwa aina mbili ambako watu wengi wanakuchanganya. Kuna kuzomea kwa "apigwe huyo" na kuna kuzomea kwa "tutolee huyo". Kwa masikio zinafanana. Tofauti utaiona kwa miguu, akitokea adui wa aina ya pili watu wanaenda kununua chipsi na hawarudi mpaka amalize. Sasa huyo mzee wenu anatoka nje, lakini amesimama mlangoni anasikiliza, na Dom akianza kula kichapo anarudi. Huyo hajachoka na Dom hata kidogo! Huyo ndo mteja wa Dom namba moja hapo Mwanjelwa, tatizo tu hajalipa kiingilio.

Mnataka kuona adui aliyegoma? John Cena 2025. Machi mosi, Toronto, Elimination Chamber. Cody Rhodes, bingwa wa wakati huo, kakataa kumuuzia The Rock nafsi yake, Cena anamkumbatia Cody, anaangaliana na Rock, teke la pale pabaya, na yule mwanamuziki Travis Scott yupo pembeni anapiga Cody. Dunia ilisimama, mi mwenyewe nlipiga simu kwa mtu saa za usiku ambazo hupigi simu ila kwa msiba. Zaidi ya miaka ishirini tunangoja Cena awe mbaya!

Haya, baada ya hapo? Kaptula zile zile. Nyimbo ile ile. Kofia ile ile. Kilichobadilika ni mdomo tu, analalamika mashabiki wamemnyanyasa miaka yote, sawa, nikasema subiri WrestleMania tuone. Las Vegas Aprili, anampiga Cody anachukua mkanda wa dunia wa 17, rekodi, na Rock ambaye ndo alianzisha balaa lote hata hakutokea, katumwa Travis Scott. Yaani waliwasha moto mkubwa afu hakuna aliyeleta sufuria. Kufika Agosti kabla ya SummerSlam Cena kaomba yaishe, karudi kuwa mwema, kapigana na Cody bonge la pambano kapoteza mkanda, biashara imeisha. Desemba 13 Washington kaaga, Gunther kamkaba mpaka kagonga mkeka, na watu walimzomea Gunther mpaka basi. Unaona? Gunther kwa usiku mmoja kapata chuki ambayo Cena kwa miezi mitano hakuipata.

Sababu ni moja. Cena alikuwa ametangaza mwaka wa kuaga. Watu walishaamua kumsindikiza, na mtu unayemsindikiza huwezi kumzomea kwa moyo, utamzomea kwa heshima ya mchezo tu. Dom hakuwa na mzigo huo, hakuna aliyekuwa na deni la kumpenda. Ndo maana chuki yake ilishika.

Tunduma_Boda2Boda

Mkongwe la Cena nakubaliana na wewe asilimia zote, lile teke la Toronto nlifurahi wiki nzima afu wakanidhulumu. Ila hujajibu, kwa nini Dom anashangiliwa sasa?

MkongweWaSae

Nlikuwa nafika huko, simu iliita.

Mambo mawili. Kwanza San Diego ni kwao, hiyo 619 yenyewe ni namba ya mwanzo ya simu za kule, kwa hiyo usipime chuki ya mtu kwa kelele za nyumbani kwake. Na tangu WWE wainunue AAA, kampuni ya mieleka ya Meksiko, mwaka 2025 na Dom akampiga Hijo del Vikingo mwezi wa tisa akabeba na mkanda mkubwa wa kule, amepata umati mwingine kabisa, watu wa Meksiko na Walatino wa Marekani, wao mwishoni mwa 2025 walimuona kijana wao ana mikanda miwili. Akizunguka na wale watu, lazima kelele zichanganyike.

Pili, na hili ndo linanipa wasiwasi kidogo, Rey mwaka 2025 hakuwepo kwenye hadithi yake mara kwa mara kama zamani. Chuki ya Dom chanzo chake ni Rey. Ukimtoa baba pale pembeni unabaki na kijana mwenye kimasharubu anayedanganya refa, na kudanganya refa ukiwa na akili watu wanapenda, hao bodaboda wenu hawashangilii mtoto aliyempiga baba, wanashangilia mjanja. Wao hawajawahi kuliona lile la baba mubashara. Siku Rey akisimama tena mbele yake utaona kama hilo benchi litapigwa.

dogo_wa_Uyole

samahani wakubwa mi mgeni kwenye mieleka hivi kwanini kila saa wanamuita Eddie na anaruka kama chura, huyo eddie ndo nani

KihesaOriginal

Dogo kaa hapa. Eddie Guerrero, fundi kuliko mafundi, huyo ndo baba wa udanganyifu wote unaouona kwa Dom. Alikuwa anarusha kiti kwa mpinzani afu anajiangusha chini, refa akigeuka anakuta mtu kashika kiti na mwenzake kalala, mpinzani anatolewa mchezoni. Kuruka kama chura ndo ilikuwa silaha yake.

Sasa 2005 wakatengeneza hadithi kuwa Eddie ndo baba halisi wa Dominik na Rey ni mlezi tu. SummerSlam ya mwaka huo, Washington, makaratasi ya malezi ya mtoto yalining'inizwa juu ya ulingo, weka ngazi, atakayeyafikia kwanza mtoto wake. Dominik mwenyewe ana miaka minane yupo pale ukumbini anaangalia! Rey akashinda. Novemba mwaka huo huo Eddie akafariki kweli, sio hadithi, akiwa na miaka 38.

Kwa hiyo huyu Dom mkubwa alivyogeuka akaanza kufuga nywele za Eddie, kuruka kama Eddie, kudanganya kama Eddie, na kuna kipindi akamwambia Rey usoni bora Eddie ndo angekuwa baba yangu. Hiyo ni sindano iliyosubiri miaka kumi na saba kuchomwa. WWE wenyewe sidhani kama 2005 walipanga, ila walikuwa na akili ya kuiokota. Mi nikiulizwa adui wa kizazi hiki mwenye mizizi mirefu kuliko wote nasema Dom, Reigns ana familia lakini Dom ana kesi.

MtotoWaMwanjelwa

Ndaga fijo wakuu, nimesoma kila kitu. Hii ya Eddie na makaratasi nimeenda kumsimulia yule mzee leo asubuhi akiwa anashona, kaacha sindano kwenye soli akaniangalia. Kasema "kumbe walimgombania akiwa mdogo, tena hadharani." Akanyamaza. Afu akasema "lakini mama kakosa nini?" akaendelea kushona.

Kwa hiyo kwake Dom bado hajasafishika. Na nimemwambia mwenye kibanda atafute ile WrestleMania ya 2023 yenye mkanda wa suruali awawekee hao bodaboda waione na wao, kasema jumamosi akipata bando.

DadaWaTukuyu

Huyo mzee na mama yangu wakutane tuwaundie chama.

Kabwe_Finest

Swali la mwisho kabla uzi haujahamia kwenye mpira, siku Rey akimsamehe itakuwaje? Maana lazima ipo siku, Rey umri umekwenda na WWE wanapenda machozi.

MkongweWaSae

Ikifika lazima iwe Dom ndo kaomba, na aombe kwa mama kwanza. Akikumbatiwa bure bure bila kuomba watakuwa wameichoma kazi ya miaka yote ile kwa picha moja ya familia.

Tunduma_Boda2Boda

Mi nataka amkumbatie baba, watu walie, afu ampige tena pale pale.

KihesaOriginal

Tunduma hapo umeongea point kwa mara ya kwanza toka uzi uanze.

DadaWaTukuyu

Mkifanya hivyo mi tv siwashi tena mbele ya mama, visu viko jirani.